Kikulacho ki Nguoni: Cheche Iliyowasumbua Wakali wa Sumaku Tangu 1925

Desemba 1925, mjini Cambridge, Uingereza, kijana mmoja wa Kirusi alikaa chini akamwandikia bosi wake barua. Bosi alikuwa safarini Misri, anakula zake upepo. Barua ilikuwa na habari mbili. Ya kwanza: mashine mpya imefanya kazi na nguvu ya sumaku imepanda mpaka kiwango ambacho hakuna maabara iliyokuwa imekifikia. Ya pili: koili imelipuka kwa kishindo, na umeme wa ampia 13,000 umeruka hewani kama ulimi wa moto.

Mtu wa kawaida angeanza na samahani. Huyu jamaa hakuomba radhi hata kidogo. Alimwambia mzee kwamba ajali yenyewe ndiyo sehemu tamu kuliko zote, maana sasa wanajua kwa uhakika koili ikipasuka inakuwaje, na wanajua ulimi wa umeme wa ampia 13,000 unafananaje. Kisha akaendelea na mambo mengine, kana kwamba kilichopasuka ni glasi ya maji tu.

Jina la kijana ni Pyotr Kapitza. Kama hujawahi kulisikia, usijilaumu. Hii ni stori ya watu ambao wengi wao hawakutakiwa kujulikana kabisa, na wengine waliishi kwenye miji ambayo haikuchorwa hata kwenye ramani. Ila wote, Warusi kwa Wamarekani kwa Wajapani, walikuwa wanapigana na adui mmoja. Adui hakutoka nje. Alikuwa ndani ya mashine zao wenyewe, na ukubwa wake ni cheche moja.

Kwanza ujue wanachotafuta

Nguvu ya sumaku inapimwa kwa tesla. Sumaku ya Dunia, ile inayoigeuza sindano ya dira, ni tesla 0.00005 hivi. Kale kasumaku kanakoshika picha kwenye mlango wa friji ni tesla chache kwa elfu. Mashine ya MRI hospitalini, ile ambayo ukiingia na funguo mfukoni unaleta balaa, mara nyingi ni tesla 1.5 au 3. Sasa hawa watu walitaka mamia, baadaye maelfu.

Kwa nini? Kwa sababu kitu ukikiweka kwenye sumaku kali kupita kiasi kinaonyesha siri zake. Elektroni zilizomo ndani ya chuma, fuwele au semikondakta zinalazimika kubadili mwendo, na mwanasayansi anasoma kwenye mabadiliko hayo kile kilichokuwa kimejificha. Ni kama mtu: tabia yake halisi unaiona akibanwa.

Tatizo ni kwamba sumaku kali inaipasua koili inayoitengeneza. Umeme na sumaku vikikutana vinasukumana, na ukizidisha, shaba inatanuka, inalainika, inapasuka. Na kabla hata shaba haijapasuka, umeme unaweza kuamua kuachana na njia uliyopewa na kuruka njia ya mkato. Mafundi mtaani wanaita shoti. Kwenye hewa ya kawaida, volti 30,000 hivi zinatosha kuruka sentimita moja. Mjerumani mmoja, Friedrich Paschen, alionyesha mwaka 1889 kwamba kinachoamua ni mambo mawili yakizidishwa pamoja: msongamano wa gesi na upana wa mwanya. Sheria hiyo inatumika mpaka leo, na imeharibu ndoto za watu wengi sana.

Mrusi aliyebakiza huzuni nyumbani

Turudi kwa Kapitza. Kati ya 1919 na 1920, Urusi ikiwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na magonjwa yakifagia watu, alipoteza baba yake, mke wake na watoto wawili. Wote. Mwaka 1921 akafika Uingereza na msafara wa kununua vifaa vya maabara, na akaomba nafasi kwa Ernest Rutherford, baba wa kiini cha atomu, pale Cavendish. Inasimuliwa kwamba Rutherford alimwambia maabara imejaa. Kapitza akamuuliza vipimo vyake huwa vinakosea kwa asilimia ngapi, akajibiwa chache tu. Akasema basi mtu mmoja akiongezeka kwenye kundi hili hataonekana, anaingia humo humo kwenye makosa. Akapewa nafasi. Iwe kweli au imeongezwa chumvi, kilicho wazi ni kwamba aliingia na akawa kipenzi cha mzee. Alimpa hata jina la utani: Mamba.

Wazo lake lilikuwa la kihuni kwa maana nzuri. Kama sumaku kali inaiunguza koili, basi iwashe kwa muda mfupi mno, uizime kabla koili haijajua kinachoendelea. Akaanza na betri. Baadaye akaagiza jenereta kubwa kutoka Metropolitan-Vickers ya Manchester, na akafanya kitu ambacho fundi yeyote mwenye akili timamu anakikataza: akaipiga shoti makusudi. Umeme wote unamwagika kwenye koili kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha unakatwa.

Jenereta ikipigwa shoti hivyo inatikisika kama tetemeko, na mtikisiko ungeharibu vipimo. Kapitza hakuhangaika kuuzuia. Aliweka koili mita 20 kutoka kwenye jenereta. Mtikisiko unasafiri sakafuni, na ukifika kwenye koili jaribio limeshakwisha. Yaani alimshinda adui kwa kumuwahi tu. Kwa njia hiyo alifika tesla 32, na rekodi hiyo ilikaa miaka mingi.

Mwaka 1933 akajengewa maabara yake mwenyewe, Mond, na ukutani akaomba achongewe mamba. Yupo mpaka leo, ukienda Cambridge unamuona. Mwaka uliofuata akaenda Urusi kusalimia, kama alivyozoea kila mwaka, na serikali ya Stalin ikamwambia: hurudi. Mke wake wa pili alibaki nje na watoto kwa muda. Rutherford alipoona hakuna namna, alikubali mashine zile ziuzwe kwa Wasovieti kwa pauni 30,000 ili kijana wake aendelee na kazi. Mzee na kijana hawakuonana tena. Rutherford alifariki 1937.

Wazo la kukamua

Njia ya Kapitza ilikuwa na mwisho wake. Ukitaka kwenda mbali zaidi, unahitaji ujanja mwingine, na ujanja huo ulizaliwa kwenye sehemu mbili kwa wakati mmoja bila wenyewe kwa wenyewe kuambiana.

Chukua daladala yenye abiria 30. Usiongeze abiria hata mmoja. Sasa fikiria kuta za daladala zinaanza kusogea ndani. Idadi ni ile ile, msongamano unapanda. Kuta zikikaribiana mpaka kila upande ubaki nusu ya ulivyokuwa, nafasi ya sakafu inabaki robo, na kubanana kunapanda mara nne.

Sumaku ndani ya bomba la shaba inafanya hivyo hivyo. Ukiwa na sumaku ndogo katikati ya bomba, kisha bomba likabanwa kwa ghafla kuelekea katikati, mistari ya sumaku haipati muda wa kupenya na kutoroka. Inabanwa. Kipenyo kikipungua mara kumi, sumaku inapanda karibu mara mia. Msingi wake ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, ule ule unaofanya jenereta ya ukumbini izalishe umeme.

Kitu gani kinabana bomba la chuma kwa kasi hiyo? Hapo ndipo stori inapoingia kwenye miji isiyo na majina.

Upande mmoja kulikuwa na Arzamas-16, mji wa Kisovieti uliozungushiwa uzio na kufutwa kwenye ramani, leo unaitwa Sarov. Upande wa pili Los Alamos, Marekani, ambako wakati wa vita wakazi walipokea barua zao kupitia sanduku moja la posta, 1663, Santa Fe. Watoto waliozaliwa huko waliandikiwa sanduku la posta kama mahali pa kuzaliwa. Pande zote mbili zilikuwa zinatengeneza mabomu ya nyuklia, kwa hiyo zilikuwa na wataalamu wa kusukuma chuma kwa baruti kwa ustadi mkubwa. Kutoka hapo kuja kwenye kubana sumaku ni hatua moja.

Kwa Wasovieti, aliyelileta wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mwanafizikia kijana ambaye nje ya uzio hakuna aliyelijua jina lake: Andrei Sakharov. Ndiyo, huyo huyo ambaye baadaye aligeuka kuwa mtetezi wa haki za binadamu, akapewa Nobel ya Amani 1975, kisha akafungiwa mjini Gorky kuanzia 1980 hadi 1986. Kwa Wamarekani alikuwepo Max Fowler na wenzake, ambao mwaka 1960 walitangaza kwamba wamefika kama tesla 1,400. Wasovieti wao walikaa kimya mpaka katikati ya miaka ya 1960, ndipo Sakharov na kundi lake wakaruhusiwa kuchapisha, na wakasema wamefika 2,500.

Wakati huo Kapitza alikuwa Moscow, ameshagombana na Beria, mkuu wa usalama wa Stalin, akapoteza kazi 1946, akawa anafanya majaribio kwenye nyumba yake ya mashambani na kurudishiwa heshima baadaye. Nobel yake ya fizikia ilikuja 1978 akiwa na miaka 84. Na haikuwa ya sumaku hata, ilikuwa ya baridi kali.

Mdudu aliye ndani

Sasa twende kwenye kinachouma. Unapobana sumaku kwa kasi, Faraday anakudai. Mabadiliko ya ghafla ya sumaku yanazaa volti, na kadiri unavyobana haraka, ndivyo volti zinavyopanda. Yaani mafanikio yenyewe ndiyo yanayomlisha adui. Mashine ikifanya kazi vibaya hakuna cheche. Ikianza kufanya kazi vizuri, cheche inaamka.

Na ikiruka, hasara yake si ile ya kuungua fyuzi ukabadilisha. Sumaku iliyobanwa inakaa pale kwa sababu umeme unazunguka kwenye njia yake. Cheche ikifungua njia ya mkato, sehemu ya sumaku inabaki imefungiwa nyuma ya hiyo njia, imenaswa mahali ambapo haina faida. Maandalizi ya wiki nyingi yanakwisha ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na huna wa kumuuliza, maana mashine imeshajivunja yenyewe. Kila jaribio ni la mara moja. Hakuna kurudia kwa kifaa kile kile.

Mtu atasema si waweke plastiki nene tu. Hapo ndipo watu wa umeme mkubwa wanacheka kwa uchungu. Kizuizi kinene kinachukua nafasi, na nafasi ni sumaku iliyopotea, maana mistari ya sumaku inajaa humo humo kwenye unene wa plastiki ambako haikuhitajika. Kizuizi chembamba kinaokoa nafasi ila kinavuja. Na cheche haina haja ya kupasua ukuta mzima. Inatafuta mahali padhaifu pamoja: mkunjo wa karatasi ya plastiki, mkwaruzo, kona kali ya chuma, kipovu cha hewa. Kipovu ni hatari kuliko kinavyoonekana, kwa sababu hewa iliyomo inabeba mkazo mkubwa wa umeme kuliko plastiki iliyoizunguka, huku uwezo wake wa kuuvumilia ni mdogo. Inaanza kuwaka yenyewe ndani kwa ndani, inaitafuna plastiki, na siku ya siku mlango unafunguka.

Kwa hiyo historia ya kuzuia cheche ni historia ya usafi kuliko ya nguvu. Kulainisha kona. Kutoa hewa kabisa, au kuweka mahali pake gesi inayobisha. Gesi maarufu ya kazi hiyo ni heksafloridi ya salfa, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1900 na Henri Moissan pamoja na Paul Lebeau, ambao hawakuwa wanafikiria umeme hata kidogo. Inastahimili umeme karibu mara mbili na nusu ya hewa, ni nzito mara tano ya hewa, na watu wa vichekesho vya sayansi huivuta kidogo sauti ikawa nzito kama ya jitu. Vituo vikubwa vya umeme duniani vimejaa gesi hii. Ubaya wake: ikivuja, tani moja inapasha joto Dunia kwa miaka mia kama zaidi ya tani 23,000 za kaboni dioksidi. Hakuna cha bure.

Njia ya Tokyo

Majaribio ya baruti yanafanyika nje, porini, mtu akiwa amejificha kwenye handaki. Unapata namba kubwa lakini vifaa vyako vya kupimia vinakufa navyo, na huwezi kuweka kando yake mtambo wa leza wa kubembeleza. Mwaka 1966 Mmarekani mmoja wa maabara ya Sandia, E. C. Cnare, alionyesha njia nyingine: ondoa baruti, tumia kapasita. Unajaza umeme kwenye kabati la kapasita, unaumwaga wote kwa mpigo kwenye koili ya nje, na msukumo wa sumaku ndio unaobana bomba la ndani. Alipata tesla 210. Ukilinganisha na za baruti ni ndogo, lakini hii unaweza kuifanyia ndani ya jengo.

Wajapani wakalichukua hilo na hawakuliachia. Chuo Kikuu cha Tokyo, kwenye taasisi yake ya fizikia ya vitu vigumu, walianza miaka ya 1970, na kazi ikarithishwa kutoka kizazi hadi kizazi kama ufundi wa jahazi.

Koili yao ya nje ni pete moja tu yenye ufa mwembamba. Umeme unaingia upande mmoja wa ufa, unazunguka, unatoka upande wa pili. Ina maana volti zote, makumi ya maelfu, zinakutana kwenye ufa huo, zimetenganishwa na karatasi za plastiki. Ukiupanua ufa, cheche inatulia, lakini pete si duara kamili tena, bomba la ndani linabanwa kiupande na kuharibika kabla ya kufika katikati. Ukiubana, bomba linabanwa kwa uzuri, na cheche inakungoja pale pale. Miaka na miaka ya kazi ilikwenda kwenye ufa huo na namna ya kuuficha bomba lisiuone. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kazi kama hiyo.

Kisha kuna kisa cha mwili wa koili. Chuma peke yake ni kigumu na kizito, kinakaa kwenye msukumo, ila hakipitishi umeme vizuri. Shaba inapitisha, lakini ni laini. Mwaka 2011 Shojiro Takeyama na mwenzake walichapisha suluhisho ambalo mama yeyote mwenye sufuria nzuri angelielewa: chuma nje, shaba ndani. Wakafika tesla 700 na kidogo.

Aprili 2018

Wakatengeneza kabati jipya la kapasita. Wakajenga zizi la chuma kuzunguka koili, ili vipande visiruke, na hesabu yao ya zizi ilikuwa kwa tesla 700 hivi. Siku ya jaribio walianza na sumaku ya kupandia mbegu ya tesla 3.2, yaani karibu sawa na MRI nzuri. Wakaweka megajuli 3.2 kwenye kapasita, ambayo si hata uwezo wote wa kabati. Watu wakatoka kwenye chumba. Kamera ikabaki.

Ufa ulishika. Karatasi zilishika. Cheche haikuruka kabla ya wakati. Na kwa kuwa haikuruka, kila kitu kilichokuwa kinapotea zamani safari hii kilifika katikati: tesla 1,200, karibu mara 375 ya walichopanda, ndani ya muda unaohesabiwa kwa maikrosekunde. Ni rekodi ya dunia kwa jaribio la ndani ya jengo. Warusi wa Sarov wana 2,800 waliyoipata mwishoni mwa miaka ya 1990, ila hiyo ni ya baruti na nje.

Wale maadui wa zamani, kwa njia, walishapatana. Mwaka 1993 watu wa Los Alamos walifunga safari mpaka Sarov, mji ambao miaka michache nyuma hata kuutaja ilikuwa kesi, wakafanya jaribio la kubana sumaku pamoja. Sakharov hakuliona, alifariki Desemba 1989.

Video ya Tokyo ipo, inaonekana kwenye kamera ya chumbani: mwanga, cheche za rangi ya chungwa zinamwagika kila upande, na milango ya zizi la chuma inang'oka. Takeyama alipoulizwa na waandishi wa habari alisema hakutegemea kwamba ingepanda kiasi kile, na kwamba zizi litakalofuata atalijenga imara zaidi.